Kandambili kwenye Mzani wa Kwanza

Kazi yangu ni kuifundisha mashine kusikiliza. Nikisema hivyo Nachingwea watu wanadhani natengeneza redio, na nimeshaletewa redio mbili na feni moja. Nilizipokea kwa sababu walioleta ni wakwe wa shangazi yangu, na kumkatalia mkwe ni kujitafutia maneno. Feni ilipona. Redio zote mbili nilizirudisha zikiwa bubu kuliko zilivyokuja, na mpaka leo wakwe wale wakipita njiani hunisalimia kwa masikitiko.

Kwa kweli naandika programu za chini kabisa, zile zinazokaa kati ya kompyuta na vitu vilivyochomekwa kwenye kompyuta. Kompyuta moja inaweza kuwa na nyaya nyingi, na kila waya unaweza kuleta habari wakati wowote, au usilete kabisa. Ugumu wote uko hapo: kujua ni waya upi una jambo sasa hivi, bila kuzisahau nyingine. Ukikosea, mashine inamkodolea macho mmoja huku wengine wanaungua jua.

Msimu wa ufuta uliopita nilipewa kazi ya namna hiyo na chama kimoja cha wakulima kule Ruangwa. Ghala lao lilikuwa na mizani minne ya kisasa, ile ya bamba la chuma na kioo cha namba, lakini namba zenyewe bado zilisomwa na mtu kwa sauti na kuandikwa na mtu mwingine kwa mkono. Walitaka gunia likipanda mzani, kilo ziingie zenyewe kwenye kompyuta, karatasi itoke kwenye printa, na mkulima apate ujumbe kwenye simu kabla hajafika nyumbani kumsomea mkewe kilo pungufu.

Kwangu kazi hiyo ilikuwa zaidi ya kazi. Nilikuwa nimeajiriwa Dar es Salaam, na bosi wangu alikuwa amenipa ruhusa ya msimu mmoja tu. Alisema wazi: ukipata kazi ya kueleweka huko kwenu, baki huko na hizi zangu utazifanyia hukohuko, usipopata, ufuta ukiisha nakutaka mezani kwako. Kwa hiyo siku ya majaribio Ruangwa ndiyo iliyokuwa inaamua. Nikifaulu, nabaki Nachingwea na bibi yangu. Nikishindwa, narudi Dar es Salaam, naye anabaki peke yake na kuku wake na goti lake bovu.

Bibi ndiye aliyenilea, tangu naanza kutambaa. Sisi bibi na mjukuu ni watani, na kwa kuwa mimi ni wa kike, ananiita mke mwenza. Babu alifariki zamani, lakini hilo halikumzuia bibi kunionea wivu. Nikichelewa kuamka, anauliza kama mume wetu alinitokea ndotoni, na kama alinitokea, kwa nini kwake haji. Kiswahili chake ni kifupi, kama kilichokatwa kwa shoka. Mambo yake ya ndani huyasema kwa Kimwera. Mimi Kimwera nakisikia chote, ila nikikisema watoto wa jirani wanakusanyika kunicheka.

Programu niliijaribia uani kwake. Niliazima mzani mmoja ghalani, nikauunganisha na kompyuta yangu juu ya kinu kilichopinduliwa, nikapima kila kilichopimika: mihogo, gunia la pumba, jogoo aliyekasirika, na bibi mwenyewe, ambaye alipoona kilo zake akasema mzani umetumwa na adui. Halafu akakaa na ungo wake akaendelea kupepeta ufuta, akawa ananiuliza maswali.

Nilimweleza kwa uvumilivu, jambo ambalo silifanyi kila siku. Nilimwambia mashine inakwenda kwanza kwa mzani wa kwanza. Inasubiri mzigo upande, inasubiri utulie, inaandika kilo, inasubiri mzigo ushuke. Ukishashuka, inahamia mzani wa pili, na kadhalika mpaka wa nne, kisha inarudi mwanzo.

"Na hiyo mingine?" bibi akauliza.

"Inangoja zamu yake."

"Na mzigo usiposhuka?"

"Bibi, nani atakayeacha ufuta wake juu ya mzani aende zake?"

"Ehee," akasema, akapuliza makapi yakanijia usoni.

Fundi yeyote wa kazi yangu akisoma hapo atanicheka, na nitamwacha acheke. Najua kuwa hivyo sivyo mtu anavyosikiliza nyaya nne. Njia nzuri ipo, na ilikuwepo kabla sijazaliwa. Lakini nilikuwa nimeanza na mzani mmoja, ikafanya kazi, nikaona uvivu kuibomoa. Nikairefusha tu ifikie minne, nikajiambia ni ya muda. Kwetu jengo likishaitwa la muda, ujue wajukuu watalikuta.

Siku ya majaribio bibi aliamka kabla yangu. Alikuwa amevaa khanga zake za kutokea, akaaga kwamba anakwenda Ruangwa kumjulia hali mdogo wake. Nilifurahi kuwa hatakaa peke yake siku nzima, nikampa nauli. Mimi niliondoka baadaye na kompyuta yangu kifuani kama mtoto mchanga, nikisoma dua zote ninazozijua na nyingine nikizitunga.

Ghalani nilikuta wakulima wamejaa. Meneja wa ghala alikuwa mtu mpole, mwenye tabia ya kutazama saa mkononi ingawa mkono haukuwa na saa. Akawatangazia kuwa leo kilo zitajiandika zenyewe, watu wakaguna. Gunia la kwanza likapanda, printa ikakoroma, karatasi ikatoka, na simu ya mzee mwenye gunia ikalia mfukoni mwake palepale. Yule mzee aliitoa simu akaitazama, akaitazama kompyuta, akaitazama tena simu, akasema, "Hawa wameshanijua." Wakapiga makofi. Nilijiona nimeshafika.

Hapo lazima niseme jinsi sisi tunavyopanga foleni, maana ndiyo iliyoniponza. Huku foleni haishikwi na mtu. Inashikwa na kitu. Zahanati, bombani, ghalani, popote. Unaweka jiwe lako, au ndoo, au kofia, au tawi la mkorosho, halafu unakwenda kunywa chai na kumaliza habari za msiba wa juzi. Kitu chako kinabaki na heshima zote ulizo nazo wewe. Kikifika mbele, utaitwa. Mtu akikisogeza bila idhini, amekusogeza wewe, na hapo wazee watatafutwa. Nimekulia ndani ya utaratibu huo, nimewahi hata kupigwa kwa kuruka ndoo ya mtu, lakini nilipokaa kuandika programu sikuukumbuka hata kidogo.

Basi mambo yakiwa yananoga, mashine ikasimama. Kwenye kioo cha kompyuta kulikuwa na maneno yangu mwenyewe: Mzani wa kwanza, subiri mzigo ushuke. Nikasubiri. Kwenye mzani wa pili kulikuwa na gunia, wa tatu gunia, wa nne gunia, na hakuna karatasi iliyotoka.

"Dada, mtambo umezingua," akasema mmoja wa wapagazi.

"Haujazingua. Unafikiri."

"Basi unafikiri sana."

Nilichomoa waya nikaupuliza, nikauchomeka. Nilizima kompyuta nikaiwasha. Nilitukana kimoyomoyo, kisha kwa sauti ndogo, kisha nikagundua mke wa imamu yuko nyuma yangu. Kila nikiiwasha programu ilikwenda moja kwa moja kwenye mzani wa kwanza na kuganda palepale. Watu wakaanza kushusha magunia yao na kukaa juu yake. Meneja akaja akanong'ona, huku anatazama ile saa isiyokuwepo.

"Mtaalamu, malori yanakuja alasiri. Kama adhuhuri itafika hakijaeleweka, tutarudi kwenye mkono. Na tukirudi kwenye mkono, sidhani kama kamati ya chama itakubali tena."

Nikaiona ile meza yangu ya Dar es Salaam. Nikainuka, nikaizunguka mizani kwa miguu, jambo ambalo ningelifanya mapema kama nisingekuwa na kiburi cha kuamini kioo kuliko macho. Juu ya bamba la mzani wa kwanza kulikuwa na kandambili moja ya bluu, na juu ya kandambili jiwe, ili kuku wasiipindue.

Mtu alikuwa ameshika foleni juu ya mzani wenyewe. Tena wengine walipoona, walidhani ndio utaratibu mpya wa kidijitali, maana kwenye mzani wa pili sasa palikuwa na kofia, wa tatu chupa ya chai, na wa nne mpini wa jembe. Mzigo mdogo nilikuwa nimeiagiza mashine isiuandike, ila isubiri ushuke. Basi ilikuwa inasubiri. Kazi yangu, kibali changu cha kubaki nyumbani, vyote vilikuwa vinaisubiri kandambili ishuke.

Nikanyoosha mkono niitoe.

"Wee! Wee binti!" Sauti zilitoka pande zote. "Mwenyewe yupo!"

"Yuko wapi?"

"Hajafika tu, lakini yupo," akasema mzee wa ile simu. "Ukikitoa hicho, umemtoa mtu. Sisi tutakuwa mashahidi."

"Mzee wangu, mashine haiwezi kuendelea hicho kikiwa pale."

"Basi mashine ijifunze adabu."

Wakaitikia kama wako kwenye mkutano wa hadhara. Nikainama nikaitazama kandambili kwa karibu, nione kama ina dalili yoyote ya mwenyewe. Ilikuwa na dalili. Mkanda wake ulikuwa umeshonwa kwa uzi wa gunia, mshono mbaya wa kupindapinda, na mshono ule niliushona mimi, kwa mkono wangu, uani kwa bibi.

Nilimkuta nje ya ukuta, kwenye kibanda cha mama lishe, mguu mmoja una kandambili na mwingine uko peku, anakunywa chai ya rangi na vitumbua. Nikamwamkia, maana hata mwenye hasira lazima aamkie.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Umeshamaliza?"

"Bibi, ile kandambili kwenye mzani ni yako?"

"Yangu."

"Naomba njoo uiondoe. Nina haraka."

"Nimeshika foleni." Akamega kitumbua. "Na wewe haraka ya nini? Unamwahi nani? Mume wetu tumeshamzika."

Mama lishe alicheka mpaka akaangusha mwiko. Mimi nilikuwa nawaka. Lakini huwezi kumkokota bibi yako mkono mbele ya watu wa Ruangwa ukabaki na jina, na ukimgombeza mtani wako umeshindwa kabla hujafungua mdomo. Nikageuka nikarudi ghalani. Kama kandambili haishuki, basi mashine ndiyo itakayobadilika.

Nilikaa juu ya gunia, kompyuta mapajani, nikaibomoa programu yangu ya muda. Ile ya kwanza ilikuwa inasimama nyuma ya mlango mmoja na kungoja mgeni apite, huku milango mingine mitatu inagongwa. Hii mpya niliikalisha katikati ya nyumba. Haisimami kwenye mlango wowote. Inatulia, na atakayepiga hodi, wa mlango wowote, inamsikia, inakwenda kwake, inamhudumia, inarudi kukaa. Wakipiga hodi wawili pamoja inawapokea wote. Asipopiga hodi mtu kwa muda mfupi, inainuka yenyewe kuangalia kama printa ina karatasi na kama ujumbe umeondoka, halafu inakaa tena. Ukishaelewa si jambo kubwa. Ugumu ni kuliandika huku umezungukwa na wakulima wanaosoma kioo chako kwa sauti.

"Anaandika Kizungu."

"Siyo Kizungu hicho, mbona kina mabano mengi?"

"Mwacheni. Anaiombea radhi ile kandambili."

Nikaiwasha. Printa ikashtuka. Karatasi ikatoka. Ikatoka nyingine. Ikatoka nyingine. Mzee wa simu akaichukua moja akaisogeza mbali na macho ili aione vizuri, akasoma: ufuta, kilo moja na pointi tatu, mwenye mali hajulikani. Ya pili, vilevile. Ya tatu, vilevile. Kwa haraka zangu nilikuwa nimesahau kuiambia programu mpya kuwa mzigo mdogo usiandikwe, na kandambili ilikuwa inapiga hodi bila kupumzika, nayo kila ikisikia hodi inapokea upya.

"Kandambili hii imezaa mwaka huu!" akapiga kelele mpagazi, na ghala zima likaangua kicheko. Wengine wakawa wanagombania karatasi wakaonyeshe nyumbani. Hata meneja alisahau kutazama mkono wake.

Nikazima. Nikaongeza lile la mzigo mdogo, na nikaongeza jingine: mgeni uliyekwisha kumpokea, akiendelea kusimama palepale bila jambo jipya, mwache asimame, usimjibu mpaka abadilike. Nikawasha.

Printa haikutoa kitu. Mwenye kofia akaitwa, akaja akaiondoa kofia yake kwenye mzani wa pili na kupandisha gunia. Karatasi ikatoka, moja tu. Mwenye chupa ya chai akaitwa, karatasi moja. Mwenye mpini akaja, na wakati huohuo mtu wa mzani wa pili ameshapandisha gunia jingine, na karatasi zikatoka mbili, kila mtu na yake, na simu zikaanza kulia mifukoni ghala zima. Mzani wa kwanza ulibaki na kandambili na jiwe lake, hakuna aliyeugusa, na mashine haikuujali. Watu walipima mpaka uani pakabaki vumbi. Malori yalipofika yalikuta magunia yamepangwa tayari kupakiwa.

Meneja akanipa mkono. Akasema kamati imekubali, nianze rasmi Jumatatu, na maghala mengine ya chama yatafuata. Nilimshukuru kwa sauti ya kiofisi, kisha nikaenda nyuma ya magunia nikalia kidogo, kwa furaha, na nikajifuta uso kwa mtandio ambao ulikuwa umejaa vumbi la ufuta, nikatoka nimekuwa kama kitumbua kilichoangukia unga.

Nikachukua kandambili kwenye mzani. Mwenyewe hakuwa amekuja kuiangalia hata mara moja. Sasa hakuna aliyenizuia.

Bibi alikuwa bado kwenye benchi la mama lishe. Nilipiga goti nikamvisha kwenye ule mguu uliokuwa peku. Aliniacha nimvishe, akanitazama utosini.

"Umeshindwa?" akauliza.

"Nimefaulu, bibi."

"Hata na kiatu?"

"Hata na kiatu."

Akaliweka chini bakuli la chai. Sikuwahi kumwona bibi akiacha chai ikiwa na sukari chini. Hapo tu ndipo akili yangu, iliyokuwa inazunguka kwenye nyaya tangu asubuhi, ikaona kitu ambacho kilikuwa wazi siku nzima. Bibi ni mwanachama wa chama cha kwao Marambo, upande wa Nachingwea. Pale Ruangwa hana gunia. Hana hata kikombe cha ufuta.

"Bibi, ulikuwa unashika foleni ya nini?"

Alikunja khanga yake, akaikunjua.

"Mjomba wako alifaulu," akasema. "Wakamchukua mjini. Mama yako alifaulu, wakamchukua. Wewe ulifaulu darasa la saba, nikakupikia na wali, wakakuchukua. Mimi sijaona aliyefaulu akabaki. Nikasema huyu safari hii afeli. Afeli, nikae naye."

Nilikuwa nimejiandaa kugomba. Nilikuwa na maneno makali, niliyapanga tangu adhuhuri, nikayaacha. Nilikuwa nimemwambia bosi wangu kwamba nataka kufaulu ili nibaki. Nilimwambia meneja. Nilimwambia niliyekuwa nakaa naye chumba kimoja Dar es Salaam, na mwenye nyumba wetu, na hata wale wakwe wa shangazi. Yeye, ambaye jambo lenyewe lilikuwa lake, sikumwambia hata siku moja. Nilidhani anajua, kwa sababu tunalala nyumba moja.

Nikakaa kwenye benchi karibu naye, nikamwambia kwa Kimwera. Kiswahili kwa bibi ni lugha ya ofisini, na ya ofisini yeye huyasikia tu, hayaamini. Nilimwambia kwamba kufaulu huku ndiko kunakonibakisha. Kwamba siendi. Kwamba Jumatatu nitakuja hapa, na jioni nitarudi kwake, na kesho yake vilevile.

Mama lishe alianza kunicheka matamshi, kisha akageukia vitumbua vyake. Bibi alinisahihisha neno moja, nikalirudia inavyotakiwa. Halafu akaweka kiganja nyuma ya sikio, ingawa masikio yake ni mazima kuliko yangu, akasema hajasikia vizuri, niseme tena.

Nikasema tena.